Nguo ya Kupokelea Wageni

Ijumaa ile jioni kiti kilikuwa kitupu. Wake wa askari wa kambi ya Makenke, waliowasha televisheni kumngoja Orpa, waliona picha ya ua jekundu na kusikia wimbo wa kwaya uliorudiwa mpaka ukachosha. Kituo hicho kidogo cha Mbarara, Uganda, kilikuwa na kipindi kimoja tu cha Kiswahili, na mtangazaji wake alikuwa binti huyo. Sasa kilinyamaza kama mtu aliyeulizwa alikolala jana.

Ugomvi uliokiacha kiti kitupu ulianzia Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi alikokulia Orpa, baada ya mama yake kumbeba mgongoni kutoka Kivu Kusini, Kongo. Kabla ya televisheni alipiga picha za harusi, akajinunulia kamera kwa ujira wake. Kwa kamera hiyo alianza filamu yake ya kwanza, habari za wajane, ili kituo kiirushe.

Mama Miriamu, anayelima mahindi upande wa Kabazana, hukohuko Nakivale, aliposikia kamera inakuja aliacha jembe shambani. Akaoga, akajipaka mafuta, akaazima kwa jirani kikwembe, yaani kitenge, cha njano, kipande mwilini na kipande kichwani. Kisha akaketi wima, akasimulia alivyomzika mumewe kando ya barabara, kwa mikono, bila sanda. Hakulia.

Conrad, mkuu wa vipindi, alitazama kidogo tu, akasimamisha picha.

"Orpa, hii nini? Mimi nilituma wewe kwa wakimbizi, wewe naletea mimi bibi harusi?"

"Ni mjane, bosi. Umemsikia mwenyewe."

"Watu naangalia kwanza, halafu nasikia. Rudi huko, avae ile ya shamba. Na kama machozi iko, apana kata."

Orpa akarudi Nakivale. Hakuwa amekubali, alitaka mwenye habari aamue. Mama Miriamu alipoelezwa agizo hilo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha uso ukamgeuka.

"Mutoto yangu, huyo bosi yako, siku ya foto anavalaka nini?"

"Koti na kravati, mama."

"Sasa mimi nivae ya kulimia? Kamera inaniletea bageni. Bageni mingi! Nibapokee na matope? Nilikimbia vita, sikukimbia sabuni. Umuambie vile."

Orpa akamwambia Conrad vilevile, neno kwa neno, asubuhi ya Ijumaa. Conrad hakupandisha sauti. Filamu itarushwa anavyotaka yeye, alisema, na asiyetaka kurekodi upya asikalie kile kiti.

Orpa alikipenda kile kiti. Kila kipindi kilipoanza, mama yake aliita majirani wajae sebuleni. Na alijua kwamba msichana wa makazi ya wakimbizi hapewi kiti cha namna ile mara mbili. Akatundika kamera begani.

"Basi kikalie wewe, bosi. Na uje na nguo za shambani."

Baada ya majuma kadhaa, mke wa askari aitwaye Hajara alimkamata mkono sokoni.

"Wewe Orpa! Sisi iko nangoja wewe, wao naweka maua tu. Nani alikufa?"

Orpa akamweleza yote. Hajara akasonya.

"Leta hiyo sinema kwetu. Kibanda ya Shafik iko, pale vijana naangalia mpira."

Jumapili mchana mabenchi ya kibanda yalijaa wanawake na watoto wao wa mgongoni. Mama Miriamu alipotokea kwenye picha iliyomulikwa ukutani, mmoja akapiga kelele, "Banange! Jamani, hiyo kitenge safi, alinunua wapi?" Kicheko kikavuma. Halafu simulizi ikafika kando ya ile barabara, kwenye kaburi la mume. Wanawake wale wanajua maana ya mume kwenda mbali na bunduki. Wakamtazama mwenzao hadi mwisho, na hakuna aliyeuliza kama huyo ni mkimbizi kweli.

Habari zikamfikia Conrad. Akapiga simu: Orpa arudi kwenye kipindi, ila ile filamu isitajwe.

"Nitarudi siku utakayoirusha," Orpa akasema, "Mama Miriamu akiwa na kikwembe chake."

Haijarushwa mpaka leo. Orpa amepanga chumba Kakoba, mjini Mbarara, na anahariri filamu yake ya pili.