Tango ya Kwenda Makaburini

Mume wangu alijifunza dansi ya tango ili aweze kumzika mama yake. Najua inavyosikika. Majirani zetu wa Masasi walipotuona tunatoka kila Jumamosi jioni tumevaa vizuri, walidhani tumerukwa na akili uzeeni, na mimi nilichoka kueleza.

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Daktari alisema ni wa ubongo na hauponi. Mikono haikunisumbua sana. Shida ilikuwa miguu. Anatembea vizuri, ghafla miguu inaganda, na kadiri unavyomhimiza ndivyo inavyozidi kukataa. Mama yake alikuwa bado hai huko Newala, kikongwe wa kulishwa uji kwa kijiko, na yeye ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Kila habari za mama zilipokuja alisema neno lilelile: "Sitapelekwa makaburini kama gunia la korosho. Mama nitamsindikiza kwa miguu yangu."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetuingiza kwenye tango. Dada huyo alikuwa amejifunza dansi hiyo ng'ambo alikosomea, akawa anaifundisha katika ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka. Wanafunzi walikuwa manesi, walimu, na wachumba wawili waliokuja kuchekacheka tu. Alituambia tango si kukata viuno, ni kutembea. Mnakumbatiana kifua kwa kifua, mmoja anakwenda mbele na mwenzake kinyumenyume, mnauzunguka ukumbi pamoja na wengine bila kugongana. Mguu hauamrishwi. Unasubiri mwili wa mwenzako uutume.

Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi ni watu ambao mume akirudi safari unampokea mzigo, unampa pole, basi. Tangu tuoane sikuwahi kumkumbatia mbele za watu, na sasa niko ndani ya baibui, narudi nyuma mikononi mwake huku vijana wananitazama. Nilimkanyaga, naye akanikanyaga. Nilimwambia yule dada kwamba haya ni mambo ya wazungu wasio na wakwe. Akacheka, akarudisha muziki mwanzo.

Lakini ilisaidia. Siku moja aliganda katikati ya ukumbi na sikumvuta. Nilihamisha uzito wangu kulia, kushoto, kulia, taratibu, mpaka naye akaanza kuyumba nami. Kisha nikarudi nyuma hatua moja, na mguu wake ukanifuata. Nililia mbele ya manesi na sikujali.

Sheria moja tuliikataa. Kwenye tango watu hubadilishana wenza, na yule dada alisisitiza kwamba ukicheza na mtu mmoja utaujua mwili mmoja tu. Mume wangu akasema hakumbatii mke wa mtu. Wanaume wenzake nao hawakuwa tayari kukumbatia mwanamume. Basi tukabaki sisi kwa sisi.

Mama alifariki wakati wa masika. Tulipanda Newala kwa gari la kukodi kwenye utelezi, na nilimshusha mume wangu na kumwingiza uwanjani kwa tango, mimi nyuma nyuma, mbele ya msiba mzima. Pale alikuwepo mtani wa ukoo, mzee mwenye ruhusa ya desturi kumtania marehemu na wafiwa. Alishajifunga kanga ya marehemu, anaigiza alivyokuwa akikataa uji. Alipotuona akachukua mchi, akaukumbatia kifuani, akaanza kutembea kinyumenyume: kulia, kushoto, kulia. Waombolezaji waliangua kicheko. Nilitaka kumzaba kofi, lakini mtani hakasirikiwi.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza lilinyanyuliwa, na hapo ndipo moyo ulipopasuka. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Najua hilo tangu utoto, naye anajua. Jumamosi zote zile za kujifunza, halikumjia akilini hata mmoja wetu kwamba mwenza wake wa pekee ni mwanamke.

Aliniachia, akachukua fimbo, akaenda hatua chache, akaganda ukingoni mwa uwanja. Jeneza lilikuwa linakwenda haraka, watu wanapokezana. Vijana wakamshika mikono: "Baba, tukubebe tu." Kadiri walivyomvuta ndivyo alivyozidi kuganda. Mimi niko katikati ya wanawake, nahamisha uzito kulia na kushoto peke yangu. Nikainua mguu kumfuata, wifi yangu akaidaka kanga yangu.

"Wifi, unakwenda wapi? Unataka kututia aibu?"

Mtani alikuwa mbele na wabebaji. Aligeuka, akarudi akiwa bado na ile kanga kiunoni. Safari hii hakutania. Aliwasukuma vijana pembeni, akamkumbatia mume wangu kifua kwa kifua. Kulia. Kushoto. Akarudi nyuma hatua moja, na mguu ukamfuata. Wakaondoka hivyo kwenye njia ya mihogo, mzee wa watu anakwenda kinyumenyume mpaka nikawapoteza. Nilimshukuru Mungu, na nilimwonea wivu yule mzee.

Mume wangu alirudishwa kwa bodaboda, viganja vimejaa udongo. "Nimefika," akaniambia. "Nimemtia udongo mwenyewe." Hata kunawa hakutaka.

Tuliporudi Masasi, Jumamosi nikavaa. Yeye amekaa kitini.

"Twende, tutachelewa."

"Wapi?"

"Tango."

"Kazi yangu imekwisha, mke wangu."

Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza kama mimi si mtu, kama siku yangu ikifika atakuja kunizika amebebwa.

Akanitazama kwa upole ulioniumiza. "Wewe hutatangulia. Wewe ndiye utakayenizika."

Mimi simziki mtu. Nitamfikisha mwisho wa uwanja, nitasimama na wanawake wenzangu, na wengine watamchukua.