Wodi ya Stesheni

Mwaka niliomaliza shule ya uuguzi, Kolwezi ilikuwa imenyamaza. Sisi tuliozaliwa karibu na machimbo tulikuwa tumekulia ndani ya sauti: king'ora cha zamu, magari makubwa yakipanda kutoka shimo la Mashamba, treni za shaba zilizotikisa vikombe mezani. Sauti zile zilipokatika moja baada ya nyingine, watu wazima walianza kutembea polepole, kama wanaopita karibu na kitanda cha mgonjwa. Baba yangu, fundi wa mitambo, aliendelea kuvaa ovaroli kila asubuhi na kwenda mahali ambapo hapakuwa na kazi. Mshahara ulikoma. Halafu ukakoma unga ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi wake. Mama akaanza kupika bukari, ugali wetu, mara moja tu kwa siku, jioni, ili tulale na kitu tumboni.

Kwa hiyo diploma yangu haikuwa yangu peke yangu. Wadogo zangu waliitazama kama watoto wanavyotazama sufuria iliyofunikwa. Nilizunguka nayo katika zahanati zote za mji, nikaenda hadi Tenke kwa lori la mkaa, na kila mahali nilipewa kiti, nikapewa maji, nikaambiwa hakuna nafasi.

Nafasi ilipopatikana, ilipatikana kwa njia ambayo nisingeiomba.

Vijana walikuwa wameanza kupita mitaani na matawi mikononi, wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Waliwaita bilulu, wadudu. Wengi wa hao waliotakiwa kurudi kwao walizaliwa hapahapa. Babu zao ndio walioletwa kuchimba, na Kasai waliijua kwa hadithi tu. Jirani yetu wa mbele, karani, alitoka na familia yake mchana, milango ikiwa wazi nyuma yao. Mkewe alivuka barabara akamletea mama kinu chake. "Chunga hiki," alisema. Mama alikipokea, na hakujua pa kuweka macho.

Wiki chache baadaye mkuu wa wauguzi wa hospitali aliniita. Alikuwa ameagiza nije nimevaa nyeupe. Mama alinyoosha sare yangu kwa pasi ya makaa, akaipulizia maji kwa mdomo hadi kola ikasimama.

"Pavilioni ya batoto haina mutu," mkuu aliniambia. "Ule mama ameenda. Ni weye utakamata nafasi yake."

Yule mama nilimfahamu. Ndiye aliyenifundisha nilipokuwa mwanafunzi wodini kwake, akanishika kidole na kukipitisha juu ya utosi wa mtoto mchanga mpaka nikausikia mshipa. Alikuwa mtu wa Kasai.

Nilitaka kusema neno, lakini nilifikiria sufuria ya nyumbani, nikasema, "Aksanti, tata," kama tunavyomwita baba.

"Ngoja kwanza. Desturi unaijua. Uko na remise-reprise?"

Katika hospitali zetu hakuna anayepokea wodi mikono mitupu. Anayetoka humtembeza anayeingia kitanda kwa kitanda, akimwambia nani amekula, nani ametapika, nani wa kuangaliwa usiku. Kisha wote wawili wanatia sahihi. Ndiyo remise-reprise. Mpaka ifanyike, anayetoka hajatoka na anayeingia hajaingia.

"Tata, si amefukuzwa? Nitaifanya na nani?"

"Iko ku gare, anangojea treni na benzake. Kamata hii karatasi. Enda, akufanyie, asinye, atie sahihi yake. Kesho unaanza."

"Nitamuambia nini?"

Mkuu aliinua macho kutoka mezani. "Utaanza na kumusalimia," alisema. Sikujua kama alikuwa anatania.

Nikaenda vilevile nilivyokuwa, na sare yangu. Nilidhani nyeupe ni heshima.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa mji mwingine uliomwagwa juu ya mji. Familia zilikaa kando ya reli chini ya maturubai na mabati waliyobomoa kwenye nyumba zao wenyewe. Kulikuwa na cherehani, milango, picha ya arusi kwenye fremu, kuku ndani ya kikapu. Mvua ilikuwa imegeuza vumbi jekundu kuwa tope, na harufu ya tope lile sitaki kuieleza. Niliponyanyua mguu kuvuka reli ya kwanza, mwanamke mmoja aliniona akapiga kelele: "Muganga! Bametutumia muganga!"

Wakasimama. Walitoka chini ya maturubai na watoto mikononi, wakajipanga mbele yangu kwa utaratibu, kama watu waliozoea hospitali maisha yao yote. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa amekwisha kumfunua mwanawe kifua. Nilishika karatasi yangu, sina hata kidonge.

"Hapana, mama. Mi sikutumwa kwenu. Natafuta mutu."

Mzee mmoja aliyevaa koti na tai, viatu vyake vikiwa vimezama topeni, alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Basi hii nyeupe yote ni ya nini, mwanangu? Umekuja ku misa?"

Watu wachache walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfanya yule mama ageuke. Alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, kitenge cha akina mama wa kanisa kimefungwa kiunoni, akimnywesha mtoto maji kwa kijiko. Alikuwa amekonda, lakini kijiko hakikumwaga hata tone.

"Nilijua batatuma mutu," alisema. "Sikujua ni weye."

Nilichutama. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. Kisha nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kijiko.

"Soma niisikie," alisema. Nikasoma: mimi niliyetajwa hapa chini nakabidhi wodi ya watoto.

"Nakabidhi," alirudia. "Mutu anakabidhi kitu anaacha. Mi sikuacha kitu. Nilitoka kazini, nikakuta bintu byangu mu barabara. Ile wodi ilinyanganywa. Sitaisinya."

"Mama, kwetu hatuna…"

"Najua. Baba yako namujua, na njaa naijua. Sikatai juu yako."

Mwanamke wa mkeka wa jirani alidakia: "Bakamate kazi, halafu tubapigie makofi! Kesho batakuja kutuomba chumvi ya kupikia."

"Muache," alisema yule mama, "huyu ni mutoto wangu wa shule." Kisha akaniambia kwa sauti ileile ya wodini: "Shika kichwa."

Nikashika kichwa cha mtoto. Karatasi niliiweka chini, tope likaila pembe. Tulipomaliza na yule, tulikwenda kwa mwingine, kwa sababu foleni haikuwa imevunjika. Walikuwa wamekaa tu, wakiningoja. Surua ilikuwa imeingia, na kuhara. Dawa hazikuwapo isipokuwa vidonge vichache ambavyo mapadri walileta. Tulichemsha maji, tukapima chumvi na sukari, tukasafisha macho yaliyogandamana. Sare yangu ikawa rangi ya mahali pale, na baada ya hapo hakuna aliyeicheka.

Jioni mama yangu aliniona mlangoni na hakuuliza kuhusu kazi. Aliuliza kuhusu sare. Nilipomwambia, alifunga dirisha. "Usirudi kule. Vijana bakikuona batasema tuko pamoja nabo, batatuchomea nyumba. Enda kwa mukubwa wako, muambie alikataa. Atatafuta njia."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Usiku kucha niliipanga hotuba yangu kwa mkuu. Asubuhi nilitoka nayo mdomoni, na ningefika hospitalini kama si treni. Niliisikia ikipiga honi, sauti ambayo mji ulikuwa umeisahau, nikakimbilia stesheni.

Wanaume walikuwa wakipandisha mizigo juu ya mabehewa ya madini, yasiyo na paa. Si wote waliopata nafasi. Wagonjwa waliambiwa wangoje treni nyingine, pamoja na watu wao. Yule mama alikuwa kwenye orodha ya kuondoka. Mume wake alikuwa tayari juu, akimnyooshea mkono. Yule mama alikuwa ameanza kupanda; aliponiona aliteremka.

"Umekuja. Vizuri. Fuata."

Akanishika kiganja, akanitembeza mkeka kwa mkeka. Huyu amekojoa leo, ni dalili njema. Huyu mama yake hasikii Kiswahili vizuri, mwonyeshe kwa mikono. Huyu mzee anasema amekula, lakini anawapa wajukuu. Simama mpaka ameze. Huyu msichana ana mimba, anaificha, usimuulize mbele ya baba yake. Alisema kwa sauti ya chini, bila haraka, huku mume wake akiita jina lake juu ya vichwa vya watu. Mwisho wa mikeka alisimama.

"Ile ya hospitali balininyanganya," alisema. "Hii naiacha mi mwenyewe. Unaipokea?"

Hakukuwa na karatasi. Nilijua kabisa nilichokuwa naulizwa, na mahali nilipotarajiwa saa ile ile, na nani nyumbani alikuwa akinisubiri nirudi na jibu.

"Naipokea, mama."

Akapanda. Treni ilipoanza kusogea hakupunga mkono. Alikuwa ameinama ukingoni mwa behewa, kilemba kimefunguka kichwani, akinipigia kelele kuhusu mtoto wa mkeka wa kwanza: "Kijiko! Usimupe na kikombe, atatapika! Kijiko!" Aliendelea kusema kijiko mpaka sikuweza kumsikia tena.

Nilifika hospitalini jua likielekea kuzama. Katika pavilioni ya watoto kijana mmoja aliyevaa koti jeupe jipya alikuwa akifungua kabati moja baada ya jingine, akitafuta pamba. Alikuwa mtoto wa dada wa mkuu.

"Nilikungojea," mkuu alisema, na nadhani kweli alikuwa ameningojea. "Uliniletea remise-reprise?"

"Na huyu, tata, aliifanya na nani?"

Alitazama mikono yake. "Tulisinya sisi kwa sisi," alisema. Kisha, kwa upole, akaniambia nirudi mwezi ujao.

Nyumbani walikuwa wote sebuleni. Baba alikuwa ameketi na ovaroli yake. Wadogo zangu waliacha kucheza. Mama alisimama katikati ya mlango wa jikoni, akifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Kazi?" aliuliza. "Umeipata?"

Nilifikiria msichana yule wa mimba, na nani angemwangalia kesho, na kama mzee alikuwa amemeza.

"Nimeipata, mama. Ni ku gare. Lakini hailipi."

Mama alifunika uso kwa kitenge. Nilingoja sauti ya baba, kwa kuwa katika nyumba yetu neno la mwisho lilikuwa lake, na kama angekataa ningekuwa nimevunja kile nilichokipokea asubuhi.

"Hata yangu hailipi," alisema. Akainama, akavuta viatu vyake kutoka chini ya kiti, akaanza kufunga kamba. "Kesho utapitia njia ya nyuma, karibu na reli. Twende nikuonyeshe, kabla giza halijaingia."