Chumvi ya Asubuhi

Kwetu Mitunguu, mama alipoamka alifungua mlango wa jikoni na kutazama juu ya migomba, upande wa jirani yetu, mjane aliyeishi peke yake. Akiona moshi ukipenya kwenye mabati ya jiko la yule bibi, alirudi kuwasha moto wake. Asipouona, alivaa viatu vyake vya gambuti akaenda kubisha hodi. Wanawake wote wa pale kwetu walitazamiana moshi hivyo, na hakuna aliyeliita jambo hilo wema.

Kisha mwana wa yule mjane, anayefanya kazi Nairobi, akamletea jiko la gesi. Kesho yake hapakuwa na moshi. Mama alikimbia, leso ikimfunguka, na wanawake wengine nyuma yake, mmoja ameshaanza kulia njiani. Walimkuta shosho, kama tulivyomwita yule bibi, ameketi na kikombe cha chai mkononi.

"Mnalilia nani?" akauliza. "Mmekuja kunizika na hata chai sijamaliza?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Lakini jioni mama hakuwa anacheka. Alisema sasa mtu anaweza kulala sakafuni mchana kutwa na majirani wasijue. Wala hakuweza kwenda kumchungulia hivi hivi kila siku. Shosho alikuwa na heshima zake. Angemfukuza yeyote aliyemjia kama mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata mama alichukua bakuli dogo la bati akaenda kuazima chumvi. Siku iliyofuata akaenda tena. Nyumbani chumvi ilikuwapo, kopo zima.

"Wewe mama, hii chumvi yote mnakula ama mnapea ng'ombe?"

"Ni hawa watoto, shosho. Wanaimaliza."

"Watoto gani? Si wote walioa wakaenda?"

Hata hivyo alimpimia. Chumvi ya shosho ilipokaribia kwisha, mama alimpelekea pakiti mpya, kisha akaanza kuazima upya.

Msimu mmoja wa mvua alibisha hodi asijibiwe. Alimkuta shosho chini, kando ya jiko la gesi, nyonga imevunjika, mikono baridi. Alikuwa ameteleza alfajiri hiyo hiyo. Daktari alituambia kwamba kama angelala pale hadi jioni, tungekuwa na msiba. Shosho alirudi nyumbani na mkongojo. Chumvi ikaendelea.

Mwaka huu tumemzika mama. Asubuhi baada ya mazishi nilipaswa kurudi kazini, Meru mjini. Nilifungua mlango wa jikoni nikatazama juu ya migomba, ingawa nilijua sitaona kitu. Bakuli lilikuwa limefunikwa mahali pake, kando ya kopo. Nikalichukua.

Shosho alikuwa ameshavaa, ameketi akiutazama mlango. Pakiti ya chumvi ilikuwa mezani, imefunguliwa.

"Umetumwa chumvi?"

"Ndiyo, shosho."

Alinipimia polepole. Chembe chache zilimwagika mezani, naye akazikusanya kwa kidole hadi zikaisha.

"Na kesho? Wewe si unarudi Meru?"

"Kesho atakuja mke wa ndugu yangu, wao wanabaki hapa nyumbani. Nitamwachia bakuli."

Aliufunga mdomo wa pakiti, akaukunja mara mbili.

"Mwambie asichelewe," akasema. "Mamako hakuwahi kuchelewa."