Kusokota Matamvua na Mama

Mtambo wa kufumia wa mama ulikuwa sebuleni kwetu Ntobeye kabla sijazaliwa, na ulichukua nafasi kubwa kuliko makochi. Wageni walipita ubavuubavu ili wafike kwenye kiti. Padri alipokuja kubariki nyumba aliunyunyizia maji ya baraka mara mbili, sijui alidhani ni nini. Mimi niliuona kero tu. Mama alifundishwa kufuma na masista wa misheni akiwa msichana, na hakuacha tena. Akitoka kwenye maharage ananawa mikono, anakaa, na nyumba nzima inasikia tak-tak, tak-tak mpaka chakula kiive. Taulo zake za pamba zimekausha migongo ya nusu ya kata hii. Nami nilijifutia hizo hizo kila asubuhi bila kuwaza zimetoka wapi, kama vile zinaota shambani.

Kisha kiharusi kikamkuta jikoni. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakaenda nao. Daktari alituambia ukweli bila kuzunguka: "Atasema au hatasema, hilo siwezi kuwaahidi. Ila msimsemee kila kitu. Mpeni kitu cha kumfanya atake kusema."

Tulirudi nyumbani tukafanya kinyume chake. Mama anataka maji. Mama amechoka. Mama anasikia baridi, mleteeni blanketi. Tulimsemea mpaka akachoka na sisi, akageukia ukutani. Mke wangu akimpelekea uji, anafumba mdomo.

Niliogopa, nasema wazi. Kufa kila mtu atakufa, na mama ameshakula chumvi nyingi. Nilichoogopa ni kwamba ataondoka hivyo hivyo, kimya, na neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake litabaki kuwa "funga mlango, mbuzi wasiingie." Hilo ndilo alilolisema asubuhi ile kabla ya kuanguka. Nilikuwa nikilikumbuka nikiwa shambani, jembe linasimama lenyewe.

Nikaamua tumhamishie kitanda sebuleni, karibu na dirisha, aone watu. Maana yake mtambo utoke. Lakini juu yake kulikuwa na kitambaa kirefu, taulo kadhaa zilizofumwa kwa kufuatana, bado hazijakatwa.

"Usikate," mke wangu alisema. "Mwenyewe hajasema."

"Mwenyewe hasemi. Si ndiyo shida yenyewe?"

Nikachukua mkasi. Nyuzi za mtande, zile ndefu zinazotangulia kutandazwa, zilikuwa zimekaza kwelikweli, na kila fungu nililolikata lililegea kwa mlio mkavu. Nilipofika katikati nikasikia sauti chumbani. Halikuwa neno, ilikuwa kama mtu anayekohoa kwa hasira. Nilifunua pazia nikamkuta mama ameuacha ukuta. Ameutambua ule mlio. Alikuwa anautazama mkasi mkononi mwangu kama mtu aliyefumania mwizi.

Nikamalizia kukata, nikamweka vizuri, nikampakatisha kitambaa chake. "Mama, taulo zako hizi, zimekwisha."

Angeweza kucheka angecheka. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo bado si taulo. Kinakwaruza, tena kinanuka unga, kwa sababu nyuzi hupitishwa kwanza kwenye uji mwepesi wa muhogo zisikatike. Kitakuja kuchemshwa na sabuni, kupigwa juu ya jiwe, kuanikwa, na hapo ndipo kitalainika. Kabla ya yote hayo, nyuzi zinazoning'inia kwenye ncha lazima zisokotwe ziwe matamvua, la sivyo maji ya kwanza tu yatakifumua. Mambo haya ninayaandika leo kama mjuzi. Siku ile sikujua hata moja.

Mama alinyoosha mkono wa kushoto, akachambua nyuzi chache, akazigawa mafungu mawili. Akalishika fungu moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kulizungusha. Kisha akasimama. Fungu la pili linahitaji mkono wa pili, na mkono huo ulikuwa umelala juu ya blanketi. Aliutazama muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu akiutazama mkono wake mwenyewe namna ile, na sitamani kuona tena.

Nikazunguka nikakaa kushoto kwake, bega kwa bega, nikalishika fungu la pili kwa mkono wangu wa kulia.

Ndivyo tulivyoanza, yeye mkono mmoja na mimi mmoja. Wangu ni mkono wa jembe na panga, uzi ulikuwa ukinipotea kwenye sugu za vidole. Wa kwake ulikwenda bila yeye kuutazama. Nilistaajabu. Mama huyu alikuwa hawezi kuomba maji, lakini vidole vyake vilijua uzi umekaza kiasi gani na bado kiasi gani. Kiharusi kilipita humo ndani kikachukua kila kilichokuwa karibu, na ujuzi huu hakikuuona ulipofichwa. Nilikuwa nakaa pale nikiwa nimejawa na aina fulani ya hofu, ile inayompata mtu kanisani wakati padri anapoinua hostia na kengele ya mageuzo inalia.

Mke wangu, mjanja, akalitumia jambo hilo. Akaanza kuleta uji na kitambaa pamoja: hakuna uji, hakuna taulo. Mama alimkazia macho kisha akafungua mdomo, akala.

Tulipokwisha kumhamishia mama kitanda sebuleni, jirani yetu alipita kusalimia, akamwamkia shikamoo, kisha akaniona nilivyoinamia mapaja ya mama yangu.

"We bwana, siku hizi umekuwa msusi wa matauro?"

"Nasuka. Nawe leta kichwa chako, kama kimebaki na nywele."

Alicheka, lakini hakuondoka. Alikaa akatazama mpaka chai ikapoa.

Tatizo langu lilikuwa moja. Mafungu mawili yakishakaza, yanalazwa pamoja, na hapo mimi nilikuwa sithubutu kuyatoa mkononi. Kazi yote ile, niiachie ifumuke? Nililishika fungu langu kama kamba ya ng'ombe mkorofi. Mama alikuwa akinipiga kofi mkononi. Nami nilizidi kubana, nikidhani ananiambia nisilegeze. Tamvua linapindapinda, linaharibika, tunalianza upya. Siku zikaenda hivyo. Taulo la kwanza tulilimaliza likiwa na ncha mbaya kabisa, za aibu, na nililitetea mbele ya mke wangu kama wakili.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye taulo la pili. Mafungu yamekaza, mimi nimebana, mama akanipiga kofi, nikabana zaidi.

"Leka!"

Kama alisema leka au reka siwezi kuapa, ndimi za huku hazijawahi kuhangaika na herufi hizo mbili. Lilitoka limepinda upande mmoja, lina mate, lina hasira, lakini lilikuwa neno. Kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, neno hilo moja lina kazi nyingi: acha, achia, basi, nyamaza.

Nikaachia, kwa mshtuko tu. Yale mafungu mawili yakaruka, yakajizungushia yenyewe kwa yenyewe, kwa upande wa kinyume, mpaka mwisho, yakatulia. Hakuna aliyeyagusa. Likawa tamvua moja, limenyooka, halifumuki. Nililivuta kuhakikisha, nikalivuta tena.

Ndipo nikapiga kelele kumwita mke wangu. Alikuja mbio na mwiko mkononi, uso umembadilika, kwa maana katika nyumba yenye mgonjwa kelele ya namna ile huwa na maana moja. Akatutazama wote wawili.

"Kuna nini?"

Nikamwonyesha mama kwa kidole. Nilitaka kusema amesema. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio, mtu mzima mimi, mwenye watoto wanaosoma sekondari.

Mama akaliweka taulo kando. Akanyanyua ule mkono wa kushoto, akanigusa shavuni.

"Leka," akasema, safari hii polepole, na hakuwa akizungumzia uzi.