Damu Mbili, Jina Moja

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asije akamlaumu marehemu. Ni mimi niliyeandika jina la baba kwenye vichupa viwili vya damu.

Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye maabara binafsi pale Dodoma mjini, miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba cha mbele alipofungua kitu. Bosi wangu alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki. Akatoa vipuri, akapaka chokaa, akaweka darubini moja na kibao kikubwa kuliko mlango. Vipimo vigumu tulivifungasha kwenye barafu tukavituma Dar kwa basi. Barafu ikiyeyukia Morogoro, bosi alisema damu imesafiri salama.

Baba alikuwa mtunza ghala wa shirika la umma mpaka shirika likauzwa naye akapunguzwa kazini. Alichobaki nacho ni kadi ya matibabu yenye jina lake, na kwa jina hilo tulitibiwa nyumba nzima. Mama alimzaa mdogo wangu wa mwisho kwa jina la baba, haki ya Mungu, na wauguzi hawakushangaa. Shirika likafa, kadi haikufa. Mama aliifunga kwenye pindo la kanga na kuitoa popote alipoona koti jeupe.

Mwaka ule wote wawili walikuwa wanahema. Kutoka kwetu Nkuhungu hadi sokoni mama alisimama mara mbili, akisema wazi kwamba amechoka. Baba alisimama mara nne, lakini kwa hila: alijifanya anasalimia. Alisalimia hadi watu asiowajua, na wengine wakaanza kumwogopa.

Kila mwisho wa mwezi alikuja daktari bingwa kutoka Dar kutumia chumba chetu cha nyuma. Akawasikiliza vifua, akatazama miguu, akawaketisha pamoja, mimi nikiandika pembeni. Akasema anashuku presha, lakini si ile ya kupima mkononi. Hii ni ya mishipa ya mapafu: moyo unasukuma damu kwenda mapafuni kama mtu anayesukuma mlango uliokwama, na mwisho unachoka. Picha ya moyo wangeifuata Dar baadaye, ila kwanza apate kipimo cha damu. Moyo ukielemewa huachia kitu fulani kwenye damu. Kadiri unavyoelemewa, ndivyo namba inavyopanda.

"Ugonjwa huu hukamata wanawake zaidi," akasema, "lakini ukimkamata mwanaume, mara nyingi humwangusha mapema kuliko mwanamke."

Baba alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimkuta keshasimama, anampa daktari mkono wa shukrani.

Mama alipokuja dirishani kwangu akafungua pindo, akatoa kadi. Nami kwa mazoea nikanakili: jina la baba, jinsia Me. Akafuata baba, nikanakili tena: jina lilelile, jinsia Me. Nilikuwa nakula karanga. Mpaka leo sipendi karanga.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu, karatasi mbili zenye jina moja. Moja ilikuwa na namba ndogo ya kutia moyo. Nyingine ilikuwa na namba ndefu kama ya simu. Nikampigia daktari Dar, naye akasema mwenye namba ile aanze dawa leoleo, dawa ya kupunguza maji mwilini, na asikose hata siku moja. Akauliza ni yupi kati yao. Nikasema laini inakatika, nikaiweka simu chini. Nikamwendea bosi, naye akazitazama karatasi juu na chini, akasema, "Majibu ni sahihi. Yote mawili."

Kupimwa upya kungekuwa rahisi, kama si baba. "Matokeo yakishatoka hayarudiwi," alisema, kama vile Wizara ya Elimu ndiyo iliyomtoa damu. Basi likaitishwa baraza la ukoo sebuleni kwetu. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inazoea vyama vingi, na watu walitaka kupigia kura kila kitu. Walikaa baba mkubwa, ambaye ni kaka yake baba, baba wadogo wawili, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anapita tu njiani akasikia harufu ya kuku. Ajenda: namba kubwa ni ya nani.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, maana nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kura sikuwa nayo. Mama naye alikuwa jikoni akiwapikia ugali wa uwele wapiga kura.

"Daktari mwenyewe kasema ni ugonjwa wa wanawake," akafungua baba mkubwa.

"Alisema pia kwamba mwanaume ..." nikaanza.

"Mwandishi haongei."

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Nusu ya pili ya maneno ya daktari nilikuwa nayo mdomoni nikaimeza, nikaandika: *Kikao kimeona kwa kauli moja kwamba namba kubwa ni ya mama.* Kura nne, hakuna iliyoharibika. Baba hakupiga kura kwa sababu ana maslahi. Wakamwita mama kumsomea hukumu. Alisimama mlangoni na mwiko, akamtazama baba miguu, ile miguu iliyovimba hadi akawa anavaa kandambili kanisani. Akasema haraka, kabla mtu hajaongeza neno, "Ni yangu. Leteni hizo dawa."

Nililia siku mbili, nikijua mama anameza dawa isiyo yake na baba anakwenda zake. Nikamfuata jikoni, nikamwambia nusu ya pili. Akanijibu, "Unadhani mimi sikuwepo?" Akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya kama wiki nikaona mambo. Anayemeza dawa ya kutoa maji hukimbilia chooni asubuhi nzima, hilo nililijua kazini. Mama alitulia kwenye kigoda chake hata hanyanyuki. Baba ndiye aliyekuwa anakatiza uani mbiombio, kandambili zikipiga makofi, mara tano kabla ya saa nne. Na miguu yake ikaanza kuonyesha mifupa. Kufikia mwisho wa mwezi alivaa viatu, akaenda sokoni akisalimia watu wawili tu, tena anaowajua.

Nikajificha nyuma ya pazia la jiko nimvizie mama. Alitoa kidonge kwenye kopo la majani ya chai, akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwenye kikombe cha baba pamoja na tangawizi. Aliponiona hakushtuka.

"Wangempa yeye angezitupa," akasema. "Wamenipa mimi. Sasa ni zangu, nampa nimtakaye."

Daktari aliporudi aliagiza wote wapimwe upya, na baba akakubali, maana huo sasa ulikuwa mtihani mpya. Safari hii nikaandika jina la mama kwa herufi kubwa, jinsia Ke, hadi kalamu ikatoboa karatasi. Majibu yalipokuja, namba kubwa ilikuwa ya baba, ila ilikuwa imeshuka sana. Ya mama ilikuwa ndogo, lakini nayo ilikuwa imeanza kupanda.

"Mzee umeshuka vizuri. Umetumia nini?" daktari akauliza.

"Chai," baba akasema, kifua mbele. "Chai ya tangawizi, na kutokuwa mwoga."

Mama alitazama dari. Daktari akawaandikia kila mmoja dawa zake. Ile karatasi yake baba aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na mama akaichomoa akaenda nayo duka la dawa. Yeye sasa akameza zake, na za baba zikaendelea kupikwa.

Hivyo tukaishi miaka mitatu. Baba akawa mtaalamu wa chai mtaa mzima. Akiona mtu anahema alimwambia atwange tangawizi, aache kuendekeza mahospitali ya wanawake.

Asubuhi moja mama alikwenda msibani Msalato, nami nikabaki kumwandalia baba chai. Nilisahau. Nakiri nilisahau, maana mimi na vikombe na vichupa hatuna bahati. Baba akaonja, akakitua kikombe taratibu.

"Hii si chai yangu."

"Ni ileile, baba. Tangawizi, sukari vijiko viwili."

"Ya mama yako ina uchungu kidogo." Akageuka dirishani asinitazame. "Katazame kwenye kopo la majani. Saga vizuri, na usimwambie."

Nilisaga kwa mgongo wa kijiko, kama mama. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe, tukaongea habari za mvua.

Alikufa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa uleule. Daktari alikuwa amesema wanaume hutangulia, na baba, kwa mara ya kwanza, alitii maneno ya daktari. Sebule ileile ikajaa watu walewale, nikaitwa niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kabla ya kwenda makaburini. Mama alikuwa ameketi mkekani, anahema polepole, kadi ya zamani bado ipo kwenye pindo.

Baba mkubwa akanitajia maneno: "Andika kwamba alikuwa mwanaume wa shoka. Andika kwamba katika maisha yake yote hakumeza kidonge hata kimoja."

Kalamu ikanigoma. Nikamtazama mama. Nilikuwa tayari kusema yote mbele yao, kura niwe nayo nisiwe nayo.

"Andika, mwanangu," mama akasema. "Shemeji kasema kweli. Hakumeza hata kimoja."

Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia mpaka watu wakasogea kumpa nafasi ya kupumua.