Pampu ya pumu niliyokimbia nayo mfukoni

Wakuu, nawasalimu. Hili sikusimuliwa, nililifanya mwenyewe, na nitalieleza lilivyokuwa hata pale linaponiaibisha.

Wakati wa vita, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa relais hapa Kamina. Relais ni mkazi wa kawaida aliyefundishwa kidogo mambo ya afya, anapita nyumba kwa nyumba kusaidia wazazi. Mimi nilipewa watoto wenye pumu.

Pampu ya dawa ilikuwa moja kwa mtaa mzima.

Kwa wasiojua: mtoto mdogo hawezi kuvuta hewa wakati uleule pampu inapobonyezwa. Kwa hiyo tulitoboa kitako cha chupa ya plastiki kwa waya wa moto, pampu ikae pale. Unabonyeza, dawa inabaki ndani, mtoto anavuta taratibu kwenye mdomo wa chupa, mara tano. Ni rahisi, na inasaidia kweli.

Kila mtoto alikuwa na chupa yake kwao. Pampu ilikaa kwangu. Mtoto akibanwa, naitwa.

Kanuni hiyo niliitunga mimi. Pampu ya kwanza tuliiacha kwenye nyumba moja, na babu mwenye kikohozi akaimaliza kwa wiki pamoja na majirani.

Mama Banza hakuipenda kanuni hiyo. Mwanawe Banza alikuwa na miaka sita.

"Papa relais, uniachie pompe. Kifua ya mutoto haingojake weye ufike."

Nilimweleza kwa upole kwamba pampu ni ya watoto wote. Akacheka.

"Basi ukuje ulale kwetu. Muke yako nitamwambia minyi."

Tukacheka wote. Nilijiona mtu wa haki.

Mchana mmoja milio ya risasi ikasikika upande wa Base, kwenye kambi ya jeshi. Watu wakatawanyika. Mimi na familia yangu tulishika njia ya Malemba-Nkulu. Mama Banza alifuata reli kuelekea Bukama.

Jioni nilipoinama kuwasha moto, kitu kikanigonga kifuani. Pampu, kwenye mfuko wa shati.

Nilitaka kurudi. Njia ilikuwa imefungwa.

Tuliporudi mjini baada ya miezi miwili, nilimkuta Mama Banza anafagia uwanja wake. Peke yake. Akaingia ndani, akatoka na ile chupa.

"Nilikimbia nayo," akasema. "Siku ya tatu kifua ikafunga. Nikamuwekea chupa kwa kinywa. Akavuta mara tano, vile ulimufundisha. Mutoto alikuwa anasikiaka, weye unajua."

Chupa tupu, wakuu. Alifuata maelekezo yangu yote.

Niliitoa pampu. Akaipokea, akaitikisa karibu na sikio. Dawa bado ilikuwamo.

"Iko nyingi," akasema. Akanirudishia, akaendelea kufagia.

Baadaye tulipopata pampu nyingine chache, niliziacha kwenye nyumba za watoto. Wenzangu walisema zitaisha ovyo. Baadhi ziliisha kweli.

Ziishe tu.

Nilichojifunza: dawa ya pumu ilale pale anapolala mtoto, na awepo zaidi ya mtu mmoja anayejua kuitumia. Si vigumu, hata ndugu mkubwa anaweza kufundishwa.

Wenye watoto wa pumu, semeni: kwenu pampu inakaa wapi? Ulizeni chochote, nitajibu mmoja mmoja. Na mwenye neno kali juu yangu aliandike, nitalisoma.