Njia Iliyopita Sebuleni kwa Domitille

Domitille alikuwa muuguzi, na kilichomchosha hakikuwa wagonjwa bali safari. Kila asubuhi alipanda pikipiki kutoka kwao Runingu akiwa na nguo nyeupe, akafika kazini Uvira na rangi ya udongo, mpaka wagonjwa wakampa pole. Basi akaamua kupanga nyumba Nyamianda, mtaa wa hapo hapo Uvira: chumba kimoja na sebule, mahali ambapo soko, kanisa na kazi vyote angevifikia kwa miguu.

Nyumba ilikuwa ya Papa Sévère, karani mstaafu, aliyeisifia kama mtu anayeomba kura.

"Hii ni appartement, mama. Iko karibu na kila kitu! Soko ku miguu, kanisa ku miguu. Hata choo, unafungua tu mlango wa nyuma wa salon, umefika."

Kisha akamhoji yeye. Kwa nini hana bwana? Anasali wapi? "Minye sipendi mpangaji ambaye watu wanaingia kwake ovyo ovyo."

Domitille akaapa kwamba ni mtu wa utulivu, akahamia.

Jumapili ya kwanza alikuwa anakunywa chai, kajifunga kitenge, mlango ukafunguliwa bila hodi. Papa Sévère akaingia na singileti, taulo begani.

"Usisumbuke, mama. Napita tu."

Akakatiza sebule, akatokea mlango wa nyuma. Akafuata mkewe, Mama Noella, na ndoo. Wakafuata watoto. Akafuata mgeni wao kutoka Luvungi, ambaye angalau alimwamkia. Hapo Domitille akaelewa: mzee alikuwa amekata kipande cha nyuma cha nyumba yake, akajenga ukuta, akakipa jina la Kifaransa. Choo cha jamaa nzima kilibaki upande wa pili wa mpangaji, bila njia ya kuzungukia nje.

"Papa, nilipanga nyumba, sikupanga barabara," alilalamika.

"Eh! Sisi si familia moja? Weye unataka kuishi kizungu?"

Domitille akamwita chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, aamue. Chef akawasikiliza wote wawili kwa uso mzito, akakohoa, akauliza choo kiko wapi, akapita.

Usiku huo Domitille alilia kidogo, kisha akacheka. Kama ni familia, basi iwe familia.

Kesho yake Papa Sévère alipotokea na taulo lake, alikuta kiti katikati ya njia.

"Karibu, papa! Ikala."

"Napita tu, mama."

"Baba wa familia apite nyumbani kwa binti yake bila kuketi? Watu watasema nini?"

Akaketi. Akaletewa chai. Akaletewa ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Akaulizwa habari za ndugu wa Bukavu na wa milimani, mmoja mmoja. Kisha Domitille akafumba macho, akaanza kuiombea nyumba.

"Amina," alisema Papa Sévère, ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Bado, papa. Hatujawafikia wakwe."

Ikawa hivyo kila siku, kwa kila mpitaji. Watoto waliulizwa masomo ya Biblia. Mama Noella alipewa karanga za kumenya. Familia ikaanza kukimbilia choo cha majirani, na majirani nao wakaanza kufunga milango. Shemeji wa mzee aliyetoka Bukavu na suti yake aliombewa mpaka jasho likamtoka. Jioni hiyo aligombana na Papa Sévère, sauti zikasikika hadi barabarani.

Kesho yake mzee akamwita fundi Gédéon, akaja na nyundo. Ukuta mmoja tu ndio ulioweza kutobolewa kuelekea choo: ule wa chumba cha kulala cha Papa Sévère mwenyewe. Mzee akasimama nje akiwaeleza wapita njia kwamba ni réhabilitation ya nyumba, jambo alilolipanga zamani.

Siku hizi jamaa, wageni na chef wa avenue hupita kando ya kitanda chake. Domitille alipigilia komeo mlango wake, akarudi kwenye chai. Utulivu ulimpendeza, ingawa siku ya pili ulimwelemea kidogo. Ndipo mtu akabisha hodi mbele: Mama Noella, na sahani ya samaki, mikeke ya kukaanga.

"Niko naweza kuingia?"

"Ingia, mama."

Akaketi mpaka saa sita mchana, akimsimulia jinsi bwana wake siku hizi anavyolala na suruali.